Mende Ndani ya Redio

Sifa zote ni zake Mola, aliyetuvusha katika siku zile chafu.

Leo mjukuu wangu alichomeka kadi ya intaneti kwenye kompyuta yake ya mkononi iliyochakaa. Kadi ikakataa. Alipofungua mashine, mende walikuwa wametaga ndani, na uvundo wao ukanirudisha utotoni.

Wakati wa vita baba alificha redio katika gunia la samaki wakavu, ili harufu iwafukuze askari. Iliwafukuza, lakini ikawaita mende, na redio ikanyamaza. Mama alikuwa amekwama Kibombo, nasi huku Kindu tulitaka kusikia kama treni itarudi.

"Vidole vyako njo vinaweza kupita humu, vyangu ni vinene," baba aliniambia. "Itoe mende yote."

"Baba, iko mingi! Inatembea!"

"Sasa mende njo itakuzuia kumuona mama?"

Niliingiza vidole. Mayai yalipasuka, ute ukanitambalia mkononi. Nilitapika, nikaendelea. Hatimaye redio ilikoroma, ikatangaza kwamba reli imefunguliwa. Baba, ambaye hakuvumilia hata doa la uchafu kwenye kanzu yake, alivibusu vidole vyangu kabla sijanawa.

Nawe unayesoma, Mungu akurudishie salama kila unayemngoja.