Kumfuata Mjomba Kolumban Tabora

Tulikwenda Tabora kumleta mtu ambaye mimi sikuona sababu ya kumleta. Rafiki yangu Skola alikuwa amepata mchumba, na wazee wa kwao Bigwa, Morogoro, walishatoa kauli: washenga hawapokelewi mpaka mjomba awepo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho. Tatizo ni kwamba mjomba mwenyewe, Kolumban, alihamia Tabora Skola akiwa bado mdogo na hakurudi tena. Akipigiwa simu, jibu lake lilikuwa lile lile: "Tutaona."

"Baba yako yupo, mama yako yupo, wewe mwenyewe una digrii," nilimwambia Skola. "Kwa nini ndiyo yako itoke Tabora?"

"Nakijwa, unakuja au huji?"

Nilikuja. Nilikuwa sijawahi kulala kwenye treni, na kwa kulala kitandani huku nchi ikipita dirishani, ningemfuata hata mjomba wa jirani.

Morogoro. Treni ya umeme ingetuishia Dodoma, kwa hiyo tulipanda ile ya zamani, daraja la pili, chumba cha wanawake chenye vitanda sita. Nilidai kitanda cha juu kama mtoto. Skola alisukuma chini ya kitanda kikapu cha magimbi aliyochimba mama yake, zawadi ya mjomba. Behewa likashtuka, taa za mji zikaanza kurudi nyuma, nikajikuta nacheka peke yangu gizani. Nililala kama niliyebebwa mgongoni.

Dodoma, asubuhi. Aliingia mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa akirudi kwake Tabora. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akauliza sisi ni watu wa wapi. Skola akasema yeye ni Mluguru wa Bigwa.

Uso wa mama yule ukang'aa. Aliinama, akavuta kikapu chetu, akaanza kuhamishia magimbi kwenye mfuko wake.

"Babu zangu walipita kwenu na misafara mkawanyima hata maji," alisema. "Leo mnalipa."

Niliruka kutoka juu. "Mama, rudisha! Huo ni wizi!" Nikatoka mbio kumwita mhudumu wa behewa.

Mhudumu alikuja amekunja uso. Alimwangalia yule mama. "Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na mwenye kikapu?"

"Mluguru," akajibu Skola, mdomo umejaa. Alikuwa anakula karanga za yule mama bila kuomba.

Mhudumu akaegemea mlango akicheka. "Dada, umenitoa kwenye chai yangu nije kuamua kesi ya watani? Na wewe kabila gani?"

"Mpare," nilisema.

"Nilijua tu!" mama akapiga makofi. "Mpare akikosa mahakama, anajenga yake ndani ya treni!"

Chumba kizima kilinicheka. Mama huyo, aliyeitwa Mama Kulwa, alinieleza kwamba Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anachukua, anatukana, na hakasirikiwi. Nikamuuliza nani alipitisha sheria hiyo, na itakuwaje mtu akikasirika kweli. Nilibisha mpaka Saranda, tuliponunua kuku wa kukaanga kupitia dirishani, mafuta yakanimaliza ubishi. Skola alimsimulia habari za mjomba.

"Nitawapeleka mimi," alisema Mama Kulwa. "Nataka nimwone Mluguru anayeikimbia milima yake."

Tabora. Tulilala kwa Mama Kulwa, aliyekataa katakata twende gesti. Asubuhi tulimkuta mjomba kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, mwembamba, mikono imejaa grisi. Mama Kulwa alikuwa ametubakishia magimbi kadhaa, na mjomba alilinusa gimbi moja kwa muda mrefu. Aliuliza kuhusu dada yake, kuhusu mvua, kuhusu njia ya kupandia mlimani.

Skola akapiga goti. "Mjomba, nimekuja kukuchukua. Bila wewe siolewi."

Alizungusha gurudumu lililokuwa mbele yake. "Tutaona, mpwa wangu."

Nilijaribu mimi. Nilijenga hoja nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Alinisikiliza kwa heshima, akaendelea kuzungusha gurudumu. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga Skola.

Mama Kulwa akavuta kigoda cha mjomba, akakikalia yeye. "Mluguru, unaogopa nini?"

"Mtani, niache."

"Sikuachi. Sema."

"Niliaga naenda kutafuta maisha," alisema taratibu. "Nirudi mikono mitupu mbele ya ukoo?"

"Kwani ulikuja hapa umebeba nini? Shati moja na njaa! Mpwa wako hakufuata mikono yako, amefuata mdomo wako. Basi kaa nao hapa. Siku ukifa nitakuja msibani kwako nicheke mpaka jeneza litikisike."

Ningesema mimi maneno yale, ningefukuzwa kwa spana. Mjomba alimkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka. Alikuwa anacheka, akicheka na kujifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mtani mbaya wewe."

"Nenda ukaoge. Unanuka grisi."

Kurudi. Bado sijashawishika kwamba mwanamke msomi anahitaji ruhusa ya mjomba. Skola anasema nitabisha hadi kaburini. Lakini njia nzima nilijiuliza swali jipya: kwetu, ni nani tuliyempa haki ya kutuambia ukweli bila sisi kununa?

Tulipopita Kilosa, mjomba alisimama kwenye ujia, paji la uso kwenye kioo. Milima ya Uluguru ilipochomoza, ukungu kiunoni, aliingiza mikono mifukoni, na hata tuliposhuka hakuitoa.

Morogoro. Mama yake Skola alikuwa akitungoja nje ya stesheni, mkungu wa ndizi kichwani. Hakulia. Alimtazama kaka yake kuanzia viatu hadi mvi.

"Kaka," alisema, "unatembea mikono mitupu na dada yako ana mzigo? Nipokee."

Mimi na Skola tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia yaliyosemwa Tabora.

Mjomba Kolumban akatoa mikono mifukoni, akaupokea mkungu, akautua begani, akatutangulia njiani.