Mkebe wa Baruti Katika Nyumba ya Vifaranga

Sijawahi kutulia mahali pamoja. Nimepanga chumba Kajiado mjini, nimelima nyanya Entarara, nimerudi Kitengela mara tatu. Lakini nikiulizwa kwetu ni wapi, moyo hunipeleka Kisaju, nje kidogo ya Kitengela, kwa mjomba, katikati ya miaka ya tisini. Nilifika huko na begi moja baada ya kufukuzwa kazi ya pili. Hakuniuliza nitakaa hadi lini.

Mjomba alikuwa karani Nairobi, na wikendi alikuwa mkulima. Mahindi yake yalikuwa na adui mmoja, kanga. Tukishapanda, walifuata mistari wakifukua mbegu kama vibarua waliolipwa. Alikuwa na bunduki yenye leseni, lakini risasi zilikuwa ghali. Jirani yetu Mmaasai alikuwa akisimama kwenye ua na kumcheka.

"Sopa, mzee! Leo umemuua kanga kwa pesa ya mbuzi?"

"Cheka tu," mjomba alijibu. "Hivi karibuni nitajaza risasi mwenyewe."

Hakuwa akitania. Mkulima mmoja aliyekuwa anahama alimuuzia mashine kuukuu ya mkono ya kujazia maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, pamoja na mkebe wa baruti. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza sekondari, nilipewa kazi ya kupiga hesabu. Nilipiga mara mbili. Risasi moja ya kujaza wenyewe ilikuwa nafuu kweli, lakini mashine ingerudisha bei yake baada ya risasi nyingi sana, na mjomba hakupiga hata kumi kwa msimu.

"Kwa hivyo nipige zaidi," alisema.

"Mjomba, kanga wenyewe hawatoshi."

Alicheka hadi akapaliwa na chai, lakini hakuirudisha ile mashine.

Aprili mvua ikaja, na mabati ya stoo yakaanza kuvuja. Asubuhi moja akienda kazini aliniambia, "Huo mkebe uweke mahali pakavu kabisa." Nilizunguka boma lote. Mahali pakavu kuliko pote palikuwa nyumba ya vifaranga. Anti, mke wa mjomba, alikuwa ameiziba kwa magunia na kumwaga maranda mapya sakafuni. Vifaranga wake mia tatu wangefika siku hiyo. Ulikuwa mradi wake wa kwanza tangu waje kutoka magharibi, na hakuwa amewaza kingine kwa miezi. Niliuweka mkebe kwenye rafu, nikajisifu, nikaenda kuchota maji.

Kila mtu Kitengela aliyewahi kufuga kuku ameshaona nilichokuwa nimefanya. Kifaranga cha siku moja hakiishi bila joto, na joto letu lilikuwa jiko la makaa, lililokaa chini ya rafu ile ile.

Niliporudi, anti alikuwa mlangoni, mkebe mkono mmoja, kiberiti mkono mwingine. Vifaranga walikuwa wakilia ndani ya makatoni kando yake. Alikuwa amesoma maandishi ya mkebe kabla ya kuwasha jiko. Hakupiga kelele. Aliuweka mkebe mbali shambani, akawasha jiko, akamsubiri mjomba.

"Nani aliweka baruti juu ya jiko langu?" aliuliza jioni, kabla mjomba hajavua koti.

Nilifungua mdomo. Nilijua nikisema, begi langu litarudi barabarani, na nilistahili.

"Ni mimi," mjomba akasema.

"Wewe?"

"Mimi, Mama. Nisamehe."

Anti alimtazama, kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi. "Leseni yako inasema uwe na bunduki. Haijasema uwe na kiwanda."

Jumamosi mjomba aliita askari wa kituo, wakachukua mkebe. Mashine aliiuza kama chuma chakavu. Jirani alituletea mbwa wawili, akasema hao hawahitaji risasi, wanahitaji ugali tu. Kanga walihamia kwa watu wengine.

Siku tulipouza kuku wa kwanza, anti alichinja mmoja, akanipa mguu, kipande ambacho kwao hupewa mgeni wa heshima. "Kula," alisema. "Na siku nyingine ukitafuta mahali pakavu, niulize mimi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua tangu jioni ile. Nilikaa kwao miaka miwili, na hakuna mahali pengine nilipokaa muda mrefu hivyo.