Bibi wa Mawinguni

Hapa mjini Same najiita mtaalamu wa efekti za video, mpumbavu mimi. Mzee Eliamini wa kule milimani aliniomba video ya marehemu mkewe, tuionyeshe kanisani siku ya kusimika msalaba kaburini. Kwa uvivu nikaingia mtandaoni, nikapakua templeti ya bure, video iliyokwisha tengenezwa yenye mawingu na mwanga wa dhahabu, nikapachika picha za marehemu. Sikuitazama hadi mwisho. Nilikuwa nashughulika kujisifu kwenye stetasi.

Siku ilipofika, kanisani watu walilia sana. Kisha mawingu yakafunguka, akatokea bibi wa Kizungu anatabasamu, picha ya mfano iliyokuja na templeti, nami sikuiondoa.

Kilio kikakatika. Mzee akanigeukia taratibu.

“Mwanangu, mke wangu umempeleka wapi?”