Bibi Aliponitaka Nimdakie

Usiku ule wa kuamkia mtihani wangu wa pili wa Kijerumani, nililala roho juu. Ule wa kwanza niliangukia kwenye mazungumzo. Watahiniwa wawili hupewa jambo walipange pamoja, nami niliwekwa na mzee mmoja mwenye mvi. Akaongea weee, nikamsikiliza kwa adabu mpaka muda ukaisha. Nikianguka tena, kibali cha ukaazi wa kudumu ndiyo basi, na hapa Bremen ndipo kwangu sasa. Mume yupo, mtoto yupo.

Usingizi ukanipitia. Mara namwona Bibi, aliyenilea kule Korogwe, ambaye sikuwahi kumzika kwa sababu nilikuwa huku. Amekaa kwenye chumba cha mtihani, kiti cha mwenzangu, ungo mapajani, anachambua mchele. Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya mbele ya wasahihishaji.

"Tumeambiwa tupange kwenda kumwona mgonjwa wa sukari," akasema kwa Kijerumani kilichonyooka, yeye ambaye hata Dar hakuwahi kufika. Wala sikushangaa. "Twende Jumamosi. Tumpelekee halua."

Nikaitikia, macho chini. Ndivyo alivyonilea: wakubwa wakiongea hudakii maneno, na ukidakia unafinywa.

"Na soda mbili tatu," akaongeza.

Nikaitikia tena. Sasa tumo jikoni kwake. Moshi unatoka kwenye mafiga, na msahihishaji mmoja amekalia mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamemfika kidevuni, bado anaandika.

Bibi akaweka ungo chini.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyozoea kuniita, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. "Namuua mgonjwa wa watu kwa halua, nawe unaitikia tu?"

"Naogopa kukudakia, Bibi."

Akanishika kidevu, akaniinua uso. Mkono wake una vumbi la mchele na ni wa moto kabisa, kama wa mtu aliye hai. Nikalia. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

"Adabu unayo, nilikupa mwenyewe," akasema. "Sasa nidakie. Nimetoka mbali kwa ajili hiyo."

Akaanza upya na halua yake. Kabla hajafika kwenye soda nikamkata, kwa Kijerumani: hapana, sikubaliani nawe, tumpelekee matango! Yalinitoka kwa sauti kubwa. Bibi akacheka mpaka mapengo yote yakaonekana, na mimi nacheka, na machozi bado yananitoka.

Mume wangu ananitikisa. Kumekucha.

"Unagombana na nani?"

"Na Bibi."

"Kwa Kijerumani?" Akanifuta shavu kwa kiganja. "Pole, mama. Haya, jinyooshe kidogo, halafu ukifika huko mtihanini usije tena uka..."

"Ngoja," nikamdakia. "Sijamaliza kukwambia ya Bibi."