Kofi Lililokatwa Kwenye Mkanda wa Shomari

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa nasinzia. Alasiri ya jua kali hapa Bagamoyo, na banda la video la Mzee Seif limejaa mpaka mbu wameamua kusubiri nje. Nasema kweli. Watu walitoka Kiwangwa na mananasi ya kuuza, wakapitia bandani “kidogo tu”, mananasi yakaivia mlangoni.

Hawakuja kwa ajili ya sinema peke yake. Walimjia rafiki yangu Shomari. Siku hizo sinema za nje zilikuja na Kiingereza chake, na Shomari alikaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akatusimulia kila kitu kwa Kiswahili. Jambazi alimfanya azungumze kama mtu wa Dar, polisi kama jirani yetu wa hapa hapa. Kiingereza chenyewe alikuwa hakijui kumzidi kuku wangu. Mimi niliyemaliza kisomo cha jioni ndimi niliyemnong'oneza maana, na nilipokwama tulitunga.

Mkanda uliopendwa kupita yote ulikuwa wa polisi mmoja mchafumchafu, koti limelowa, ndevu hajanyoa, anawawinda wauza unga katika mji wa baridi. Si polisi wa kumsogelea ukapiga naye picha. Katikati ya sinema anamzaba kofi mzee mmoja, mchukuzi wa mizigo bandarini, mzee asiye na hatia yoyote. Karibu na mwisho anarudi kwa yule mzee na kupiga magoti kwenye matope.

Shomari hakulipenda lile kofi. Kwake yeye steringi, shujaa wa sinema, hakosei. Kila lilipokaribia, kidole chake kilikwenda kwenye deki, akausogeza mkanda mbele, mzee akaonekana yuko chini tayari. “Mzee kateleza, jamani! Mvua hiyo!” Nasi tukaamini mvua. Na polisi alipopiga magoti, Shomari alitutangazia kwamba anatafuta funguo. Banda zima tulikuwa tukizitafuta naye.

Sasa Jumamosi hiyo, sinema ikiwa imekolea, mkewe Shomari akatokea mlangoni, mtoto mchanga kifuani.

“Baba Mwanaidi, mtoto anachemka. Twende hospitali.”

Shomari hata kipaza sauti hakukiweka chini. Kwa sauti ileile ya polisi akamjibu mbele ya umma, “Mwanamke, ondoka eneo la tukio usije ukala risasi! Wanaume wako kazini!”

Banda likapasuka kwa kicheko. Nina hakika walisikia mpaka Lugoba. Yule mama alisimama pale kidogo, akamfunika mtoto vizuri kwa kanga, akaenda zake hospitali peke yake. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Ndiye Mwanaidi mwenyewe, nitakufikisha kwake.

Sinema ilipokwisha na watu kutawanyika, Mzee Seif alituita dukani kwake, jirani na banda. Babu zake walitoka Omani, yeye alizaliwa hapa akiuza vitambaa, maana sijawahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kaeni. Shomari, yule mzee wa bandarini aliteleza?”

“Aliteleza, mzee. Mvua.”

“Wallahi, mkanda ni wangu. Nimeutazama peke yangu mwanzo mpaka mwisho. Alizabwa kofi.”

Shomari akajikuna. “Nilitaka steringi abaki msafi. Watu wanampenda.”

“Na pale alipopiga magoti?”

“Anatafuta… funguo.”

Mzee Seif alicheka mpaka futi ikamdondoka. Kisha kicheko kikamwisha usoni. “Mtu amerudi kwenye matope kumwomba radhi aliyemkosea, wewe umempa funguo! Ukilificha kosa lake na toba yake umeificha. Haya, hiyo ni sinema. Lile ulilomfanyia mkeo leo mbele ya watu, utalisogeza mbele kwa kidude gani?”

Shomari, ambaye angeweza kusema na mawimbi yakanyamaza, akainama kuiokota ile futi.

Jumamosi iliyofuata watu waliutaka mkanda uleule, na siku hiyo sauti yake ilikuwa inarekodiwa juu ya picha ili nakala zipelekwe mabanda ya Vigwaza na Lugoba. Kofi lilipofika, kidole hakikwenda kwenye deki. Kofi likalia. Watu wakaguta. Shomari akasema maneno ambayo hayamo kwenye sinema hiyo.

Mkewe hakuwepo. Alishaapa hatatia mguu pale tena, na hakutia, mpaka banda likageuka duka la simu. Majirani walimwendea na habari, akawaambia, “Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.” Nyumbani Shomari alipeleka samaki mkubwa kama mtumbwi, lakini maneno yenyewe hayakumtoka. Wanaume wa enzi zetu tulikuwa na ugonjwa huo. Yeye na mkewe waliishi kwa wema miaka yote, lile likabaki katikati yao halijaguswa, mpaka Mungu alipomchukua Shomari.

Mwaka huu Mwanaidi ameniita ofisini kwake, anakohariri video za harusi. Ameupata ule mkanda wa baba yake. Picha imechoka, michirizi kama mvua ya masika. Akapakua mtandaoni nakala mpya ya sinema ileile, safi, unaweza kuhesabu nyuzi za koti la polisi. Kazi yake ilikuwa kuitoa sauti ya baba yake kwenye mkanda na kuipachika kwenye picha mpya, ili mama yake aisikie Idi pili, familia nzima ikikusanyika Kiwangwa. Ule mkanda wa zamani alikuwa ameshautenga wa kutupa.

Tukatazama. Mara mzee wa bandarini yuko chini.

“Mwanaidi, kofi liko wapi?”

“Ba'mdogo, nakala mpya hainalo. Wenye sinema wamelikata. Siku hizi wanaona linachafua.” Akainama. “Na sauti ya baba hapo ikakosa picha ya kukalia, nikaikata nayo.”

“Nisikilizishe.”

“Ba'mdogo, hapo baba anajiaibisha. Mimi nataka wanangu wamjue babu yao akiwa mtu safi.”

“Nisikilizishe, mama.”

Akabonyeza. Kofi likalia, na Shomari akazungumza, si kwa sauti ya polisi, kwa sauti yake mwenyewe:

“Jamani, hapa nasimama kidogo. Huyu mzee hakuteleza. Alipigwa. Na mimi Jumamosi ile nilimdhalilisha mke wangu kwa kipaza sauti hiki hiki, mtoto wetu anaumwa. Mama Mwanaidi, nimekosa. Nisamehe.”

Basi nikamsimulia binti yule habari ya Mzee Seif, na funguo, na kiapo cha mama yake. Alikuwa hajui kwamba mama yake hajawahi kuyasikia maneno yale. Akavuta kiti, akachukua kipande cha mkanda wa zamani na michirizi yake yote, akakipachika katikati ya ile picha safi.

Idi pili, Kiwangwa, Mama Mwanaidi alikaa mkekani, wajukuu wamemzunguka, akicheka kila mumewe alipotia chumvi. Mara picha ikachakaa ghafla. Kofi. Halafu ile sauti.

Akashika ukingo wa kanga yake. “Alisema hivi mbele ya wote?”

“Mbele ya wote, shemeji.”

“Rudisha, Mwanaidi.”

Mwanaidi akarudisha, na akarudisha tena. Mara ya mwisho mama yake aliitazama televisheni akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, “Nimekusamehe, Shomari. Nimekusamehe, baba.”

Mwanangu, dunia yenu ina vidude vya kufuta kila kitu, na wenye sinema wana sababu zao. Wewe kabla hujakata, tazama kinachofuata baada ya doa, maana huenda yuko mtu aliyekingoja maisha yake yote. Wazee wako uwakumbuke na makosa yao, ili uyaone na magoti yao. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, muombe radhi palepale mbele ya watu, kisha mfuate nyumbani umwambie tena machoni, usiache kazi hiyo ifanywe na mkanda.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema nisamehe, na akupe umri wa kusikia unajibiwa kwa masikio yako mwenyewe. Amina.