Uzi Mfukoni

Fundi wa kunyoosha magurudumu pale Katwe hupima gari kwa jicho moja. Huchuchumaa mbele ya bampa, hufumba jicho la kushoto, huzungusha spana kidogo, kisha hulipiga tairi kwa kisigino kama mtu anayefukuza mbuzi. "Imenyooka, ssebo," yaani bwana, husema hata kabla hajasimama. Baada ya miezi miwili unarudi na tairi lililolika upande wa ndani, ule usiouona mpaka ulale chini. Hulipapasa polepole kwa kiganja, kama anayepapasa paji la mgonjwa. "Ni mashimo ya Kampala hii. Mimi nifanye nini?" Nami naendesha teksi, kwa hiyo paji hilo nimemletea mara nyingi.

Jumanne nilikuwa kwenye benchi lake, waya za tairi langu zimeanza kutokeza, Atoo, dada yake fundi, alipoleta gari. Fundi akatoa uzi mfukoni. Sikuwahi kuuona uzi huo. Akaufunga kwenye gurudumu la nyuma, akauvuta mpaka la mbele, akapiga magoti vumbini na rula, akalegeza, akakaza, akapima tena, pande zote mbili. Akaliendesha mwenyewe, akaachia usukani, gari likaenda moja kwa moja.

"Unabeba watoto humu," alimwambia dada yake.

Kisha akauviringa uzi, akaurudisha mfukoni, akanigeukia kwa sauti yake ileile laini. "Leta yako, ssebo." Akachuchumaa, akafumba jicho la kushoto.