Mwisho wa Ile ya Pili

Jamleck alikuwa mlinda geti huko Parklands miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga. Gari likipiga honi, anafungua. Likipita, anafunga. Huko ndiko alikompata Nyakio. Nyakio alikuwa akifanya kazi ya nyumba orofa ya tatu, na kila Jumapili akitoka kwenda kanisani, yeye peke yake ndiye aliyesimama kumwambia mlinzi asante. Hakusema mengi zaidi ya hapo. Jamleck hakusema hata hayo. Wakaoana.

Kazi ilipokwisha walihamia mtaa wa Satellite. Wakajenga banda la mabati, wakaingiza mabenchi, televisheni moja na deki ya kaseti za video. Watu wakaliita Kwa Mama Shiko, kwa jina la binti yao. Jamleck alishika mashine. Nyakio alishika kipaza sauti, maana picha zilikuja kwa Kiingereza na watu hawakuja kusikiliza Kiingereza. Yeye mwenyewe Kiingereza chake alikiokota jikoni kwa watu, kidogo, cha kuitikia na kuulizia chumvi. Lakini alikuwa na macho. Akimtazama mtu kwenye picha alijua huyu anadanganya, huyu ana njaa, huyu ameacha mama mgonjwa. Na alichokijua alikisema.

Picha walizozipenda watu kuliko zote zilikuwa tatu, za safari ya angani, moja ikifuata nyingine. Kapteni wa ile meli alikuwa mwanamke mwenye jina refu la Kizungu. Nyakio akampa jina la dada yake, Muthoni. Adui mwenye kumiliki sayari zote na kufungia watu nje, akamwita Landilodi. Sayari ya vumbi jekundu, ambako wanyama wakubwa walikuwa wakichinjwa mchana kutwa, akaiita Dagoretti, kwa jina la mtaa jirani wenye machinjio. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Banda lilifungwa zamani, simu zilipokuja na picha ndani. Nyakio naye akafariki mwezi wa tatu mwaka huu. Jamleck, aliyekuwa mtu wa kunyamaza tangu ujana, akanyamaza zaidi. Asubuhi alipika chai ya watu wawili, akamwaga ya mmoja.

Jumamosi moja Kivuva akabisha mlango. Kivuva ni kinyozi wa hapo Satellite. Utotoni alikuwa wa benchi la mbele pale bandani.

"Mzee, vaa koti. Tunaenda tao, huko mjini."

"Kufanya nini?"

"Kuna watu wamekodi ukumbi. Wanabishana ile ya Kapteni Muthoni. Gani kali kati ya zile tatu, halafu wanapiga kura. Lazima uwe huko. Wewe ndio ulikuwa na kaseti."

Jamleck alitaka kukataa. Kulikuwa na jambo juu ya kaseti ya pili walilolijua yeye na Nyakio tu. Siku ya mazishi, Kivuva alisimama mbele ya waombolezaji akausimulia mwisho wa picha hiyo, akasema hapo ndipo alipojifunza kutomwacha mtu nyuma. Watu waliitikia kwa vichwa. Jamleck alitazama viatu vyake. Na sasa huyu anataka kuupeleka mwisho huo mjini, kwa watu wasiomjua Nyakio.

Lakini Kivuva alikuwa ameshalitoa koti msumarini.

Ukumbi ulikuwa orofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ndani watu kama arobaini. Msichana mmoja, Ivyne, ndiye aliyeandaa mkutano. Alisimama na kalamu karibu na ubao uliogawanywa mafungu matatu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipomwona Jamleck alimletea kiti chenye mgongo.

"Karibu, Guka, babu yetu. Hapa tunagombana, usishtuke."

Aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote alikuwa Abdulfatah, muuza kanga wa mtaa wa Biashara, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Yeye hizo picha alizitazama katika sinema kubwa, kwenye kiti cha sponji.

"Ya kwanza, bwana," alisema. "Ya pili na ya tatu zote zimepita mlango uliofunguliwa na ya kwanza. Landilodi hajamaliza chai, meli imekwishaibwa. Mwataka nini tena?" Jina la Landilodi lilikuwa limefika hata mjini, nani alilileta hakuna aliyejua. Jamleck alilisikia, akainua kichwa.

"Ya tatu," Ivyne akasema. "Ile vita ya mwisho tu inatosha."

"Ya tatu ni milipuko," Kivuva akamjibu. "Hata transfoma ya kwetu hulipuka, na hatulipi kiingilio."

Watu wakacheka. Kivuva akasimama, akavuta shati.

"Ni ya pili. Lango la sayari linafungwa. Mzee wa Geti, yule mlinzi wake, anabaki nje amelishikilia ndio wengine wapite. Meli inaruka. Ndani wote kimya. Halafu Kapteni Muthoni anauliza, 'Nani hayuko?' Anageuza meli. Injini inatoa moshi, anageuza tu. Anamrudia. Mimi nililia, na nilikuwa nimekaa na maboyzi wa mpira."

"Kweli kabisa," wakaitikia watu watatu wa Satellite waliokuwa nyuma.

Abdulfatah alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Huyo mzee alirudiwa lini?"

"Si ndio maana kwenye ile ya tatu yuko chini kwa injini."

"Ya tatu nimeitazama mara saba. Yuko wapi?"

"Haonekani. Anakoroga uji wa wenzake. Ukiona meli imetikisika, huo ni mwiko umegonga sufuria."

Ukumbi wote uliangua kicheko. "Basi mwenzetu picha aliitazama kwa pua," Abdulfatah akasema.

"Tusibishane," Ivyne akasema. "Iko hapa." Akafungua kompyuta yake, akairusha picha ukutani.

Jamleck alishika magoti. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona mwisho huo.

Lango likafungwa. Mzee wa Geti akabaki nje. Meli ikaruka. Kapteni akatazama dirishani mara moja, akageuza uso. Vumbi likamfunika mzee. Wale wengine wakasafiri, wakala, wakalala, wakapanga vita yao. Hakuna aliyeuliza. Maandishi yakaanza kupanda.

Wale wa nyuma wakatazamana. Kivuva alibaki amesimama.

"Wamekata," akasema.

"Hakuna aliyekata. Iko hivyo tangu itoke," Ivyne akasema.

"Wamekata, mimi niliona." Akamgeukia Jamleck. "Mzee, waambie. Kaseti ilikuwa yako."

Watu arobaini wakamtazama mzee. Neno moja lingetosha. Angesema, ilikatwa, na jambo lingeishia hapo, na Nyakio angebaki alivyokuwa. Akisema kweli, kesho mtu atasema Mama Shiko alikuwa akidanganya watoto wa watu kwa kipaza sauti. Aliwaza hivyo. Kisha akakumbuka vile mke wake alivyokuwa amekaa bandani siku ile, mgongo wima, na akaona hakuna cha kuficha.

Alisimama. Ilimchukua muda.

"Kivuva, keti. Deki ilikula kaseti."

"Lini?"

"Ile siku. Lango likianza kufungwa. Mashine nilikuwa sijaisafisha wiki mbili. Kosa langu. Ikatafuna utepe, televisheni ikawa chenga tupu, nukta nyeupe tu."

"Chenga," Abdulfatah akarudia.

"Banda lilikuwa limejaa. Nikamwangalia Mama Shiko. Nikamfanyia na mkono, kwisha. Yeye hakuniangalia. Akasema, 'Mnaliona hilo vumbi? Vumbi limefunika kila kitu.' Akaendelea."

"Dakika ngapi?" Abdulfatah akauliza.

"Kama ishirini."

Abdulfatah aliwageukia wale wa Satellite. "Na nyinyi mkatazama chenga dakika ishirini."

Kivuva alijipangusa uso kwa kiganja. "Mimi niliona meli ikigeuka," alisema polepole. "Ilikuwa na taa ya kijani upande mmoja."

"Alisema kijani," Jamleck akajibu. "Nakumbuka."

Mtu mmoja mbele alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akakohoa. Ivyne alikuwa ameweka kalamu chini.

"Kwa nini aliigeuza, Guka? Angeweza kumalizia tu."

"Nilimwuliza jioni, tukifagia. Akasema, 'Yule amefungulia watu miaka yote. Na yeye afunguliwe.'"

Hakuongeza. Hakuwaambia habari za Parklands. Alisimama tu na koti lake, na ingawa hakuwa mtu wa kujikweza, kidevu chake kilikuwa juu kidogo.

"Nikaleta nyingine, ya tatu," akasema baadaye. "Mzee hayumo. Ikabidi amtafutie pa kukaa."

Hapo Abdulfatah akacheka, si kicheko cha kwanza. Akapiga paja. "Ewe bibi wee. Akamtia jikoni." Akageuka kwa Ivyne. "Binti, hiyo ya ukutani mimi siipigii kura. Mtu aliyekushikia lango humwachi vumbini. Andika ya huyu mama."

"Siwezi kuandika picha ambayo haipo."

"Haipo vipi? Hawa wanne wameiona. Kijana hata rangi ya taa anaijua. Mimi na kiti changu cha sponji nimeambulia nini?"

"Mchezo wa kura una sheria, Bwana Abdulfatah."

"Basi andika pembeni."

Ivyne aliutazama ubao. Kisha akachora fungu la nne, jembamba, maana nafasi ilikuwa imebaki kidogo. "Guka, jina lake kamili?"

Jamleck alilitaja. Alilitaja vizuri, herufi kwa herufi, yeye ambaye herufi zenyewe hazijui, maana alikuwa amekaa siku tatu karibu na fundi aliyekuwa akizitaja huku akizichonga kwenye msalaba wa kaburi. Ivyne akaandika. Watu wakaanza kuinua mikono, na wengi waliinua kwa lile fungu jembamba.

Kivuva hakuinua mkono kwanza. Alikuja akachuchumaa karibu na kiti cha mzee, kama mtu mwenye neno la siri.

"Mzee. Sasa ile ya tatu. Yuko chini kwa injini, ama hayuko?"

Jamleck alifunga kifungo cha koti.

"Yuko," akasema. "Anakoroga uji."